Kabla ya Kuongeza Dozi ya Tezi

Levothairoksini ni dawa inayorudisha mwilini homoni ambayo tezi ya thairoidi, ile iliyoko mbele ya shingo, imeshindwa kuitengeneza. Dozi yake hupimwa kwa maikrogramu, na gramu moja ina maikrogramu milioni moja. Mtu mzima mwenye kilo 60 ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa hutosheka na takriban maikrogramu 100 kwa siku. Gramu moja tu ingemtosha kwa zaidi ya miaka 27. Katika dawa ya kiasi kidogo namna hii, kosa dogo lina uzito. Kwa hiyo majibu ya damu yakirudi na namba isiyopendeza, kabla ya kuuliza dozi iongezwe kiasi gani, tuulize kwanza namba hiyo imetokana na nini.

Mara nyingi namba yenyewe ni ya TSH, homoni inayotolewa na tezi ya pituitari chini ya ubongo. Pituitari ni kama msimamizi wa shamba: kazi ikilegea hupaza sauti, ikizidi hunyamaza. TSH ikiwa juu, basi homoni ya thairoidi mwilini ni pungufu. Ikiwa chini sana, imezidi. Wagonjwa wengi huisoma kinyume na kudhani TSH ya juu ni dalili ya dawa kuzidi. Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4.0 kuwa kiwango cha kawaida kwa mtu mzima. Lakini TSH haipandi hatua kwa hatua na upungufu: homoni ya thairoidi iitwayo T4 ikishuka kwa nusu, TSH inaweza kupanda takriban mara 100. Ndiyo maana TSH inapotoka 4 kwenda 8, upungufu halisi unaweza kuwa mdogo tu, na daktari huenda akarekebisha dozi kwa maikrogramu 12.5 au 25, asizidishe hapo.

Jambo la pili ni muda. Siku saba baada ya kumeza levothairoksini, karibu nusu yake bado imo mwilini. Dozi mpya huhitaji wiki tano hadi sita kutulia kwenye damu, ndiyo sababu kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Anayepima baada ya wiki mbili, akaona TSH bado iko juu, akajiongezea kidonge, anaongeza juu ya dozi ambayo haijamaliza kazi yake. Wiki chache baadaye moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi umepotea. Dozi ikiendelea kuzidi, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo na mifupa ikadhoofika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Tatu, je, kidonge kilifika kwenye damu? Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Humezwa kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Ikishushwa kwa chai ya maziwa au kahawa, sehemu yake hupotea. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma huinasa tumboni, hivyo inashauriwa kuviacha mbali nayo kwa saa nne. Dawa za kiungulia kama omeprazoli hupunguza asidi inayosaidia kidonge kuyeyuka. Wanaofunga Ramadhani hukutana na ugumu wao: saa za kula zinasogea usiku na kubanana. Baadhi hupangiwa kumeza nusu saa au zaidi kabla ya daku, wengine wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho. Ni vizuri kuzungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Fikiria mama aliyeanzishiwa vidonge vya chuma kwa upungufu wa damu, akawa anavimeza asubuhi pamoja na dawa ya tezi. TSH inapanda, dozi inaongezwa. Miezi michache baadaye damu imetosha, vidonge vya chuma vimesimamishwa, na ile dozi iliyoongezwa sasa inafyonzwa vizuri. Ghafla imekuwa kubwa mno. Tiba yake ya kwanza ilipaswa kuwa kutenganisha saa za kumeza.

Nne, wakati mwingine kasoro iko kwenye kipimo. Bayotini ni vitamini inayouzwa sana kwa ahadi ya kukuza nywele na kuimarisha kucha. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 30 kwa siku, ilhali kidonge kimoja cha nywele kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za maabara hutumia bayotini katika utendaji wake wa kunasa homoni, kwa hiyo bayotini iliyojaa kwenye damu ya mgonjwa huzivuruga. TSH huonekana chini kuliko ilivyo na T4 huonekana juu, picha kamili ya tezi iliyozidi kufanya kazi. Mgonjwa anaweza kupunguziwa dawa anayoihitaji. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Kwa kawaida hushauriwa kuacha bayotini angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na muda zaidi kwa wanaotumia dozi kubwa.

Virutubisho vingine huigusa tezi yenyewe. Kisa kinachopaswa kukumbukwa kilitokea kaskazini mwa Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, eneo ambalo watu walikosa madini joto na seleniamu kwa pamoja. Seleniamu inahitajika na vimeng'enya vinavyobadilisha homoni za tezi, kwa hiyo watafiti waliwapa watu seleniamu wakitazama matokeo. Mwaka 1991 walichapisha walichokiona: kwa wale ambao tezi zao zilikuwa zimeharibika tangu utotoni kwa kukosa madini joto, T4 ilishuka zaidi na TSH ikapanda. Vimeng'enya vilivyoamshwa viliichakaza homoni haraka, na tezi haikuwa na madini joto ya kutengeneza nyingine. Kirutubisho sahihi, kikitangulia mahali pasipo pake, kiliwaongezea ugonjwa.

Madini joto nayo yana mpaka. Chumvi iliyotiwa madini hayo imewaokoa watu wengi na rovu, na mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 150 kwa siku. Ila mtu ambaye tezi yake inashambuliwa na kinga ya mwili wake, ugonjwa aliouelezea daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, hapati nafuu kwa kumeza vidonge vya mwani wa baharini vilivyojaa madini hayo. Yakizidi, yanaweza kuizima zaidi tezi iliyochoka.

Hali moja haisubiri: ujauzito. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama, na mahitaji ya mama anayetumia levothairoksini hupanda, mara nyingi kwa robo au zaidi. Mwanamke huyu amwone daktari mara tu anapojua ana mimba, na kwa hakika asiache dawa kwa kuihofia.

Kwa wengine wote, siku ya kipimo nenda asubuhi, na umeze kidonge baada ya kutolewa damu. Mpelekee daktari orodha ya kila unachomeza, pamoja na vidonge vya nywele, kalsiamu na dawa za mitishamba, na saa unazovimeza. Kisha mkubaliane kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiongeza dozi, ukahamisha saa na kuanza kirutubisho kipya ndani ya juma moja, TSH ijayo haitamwambia yeyote kipi kimesaidia na kipi kimedhuru. Wengi wanaotumia dawa hii wataimeza maisha yao yote. Wanastahili dozi iliyofikiwa kwa ushahidi.