Sakafu ya Chokaa na Nyayo za Wageni

Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambazo baadhi yake sasa hupangishwa kwa wageni wanaokaa siku chache kisha wakaondoka, sehemu inayoumia mapema ni sakafu. Pale ambapo sakafu hiyo bado ni ya asili, yaani ile iliyojengwa kwa chokaa juu ya boriti za mikoko, mikwaruzo na vishimo vyake hufuata kanuni za kikemia na za kifizikia ambazo mwenye nyumba akizifahamu huepukana na gharama nyingi, na pia na ugomvi usio wa haki.

Chokaa hiyo hutokana na matumbawe, mawe yaliyojengwa baharini na viumbe wadogo, ambayo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu. Yakichomwa tanurini kwa joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, matumbawe hupoteza hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu. Oksidi hiyo ikitiwa maji hutoa joto kali na kugeuka uji mweupe wa haidroksidi ya kalsiamu, ambao huchanganywa na mchanga na kokoto za matumbawe, ukamwagwa juu ya boriti na mawe yaliyolazwa juu yake, kisha ukapigwa kwa vibao mpaka ushikamane. Baada ya hapo uji huo huanza kuivuta tena hewa ya ukaa iliyopo angani na, kidogo kidogo, kuanzia juu kwenda chini, hurudi kuwa kabonati ya kalsiamu, dutu ile ile iliyoingia tanurini. Mzunguko huu ndio unaoifanya sakafu ya chokaa itibike, kwa kuwa kiraka cha chokaa mbichi huishia kuwa jiwe la jinsi moja na sakafu inayokizunguka.

Udhaifu wake nao umo katika jiwe hilo hilo. Katika kipimo alichokibuni mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho hupanga madini kutoka 1 hadi 10 kwa kuangalia lipi huweza kulikwaruza jingine, kalsaiti, ambayo ni umbo la kawaida la kabonati ya kalsiamu, iko daraja la 3, ilhali kwatzi, madini yaliyo mengi katika aina nyingi za mchanga, iko daraja la 7. Maana yake ni kwamba chembe chache za kwatzi zilizonasa chini ya kandambili zinatosha kuchora mistari katika sakafu ya chokaa kila mgeni anapogeuka, hata awe mstaarabu kiasi gani. Mchanga mweupe unaotokana na matumbawe huumiza kidogo kuliko huo, kwa sababu ugumu wake unakaribiana na wa sakafu yenyewe, lakini ukiwa umetoka pwani huja na chumvi, na chumvi hiyo ikiyeyuka katika unyevu, ikapenya ndani na kuganda upya, fuwele zake husukuma chokaa mpaka ikaanza kumeguka unga.

Wenyeji wa pwani walikuwa na kinga ya jambo hili muda mrefu kabla ya kipimo cha Mohs, nayo ni desturi ya kuvua viatu mlangoni na kutembea ndani kwa miguu mitupu juu ya mikeka na majamvi. Nyumba ikishageuzwa ya wageni desturi hiyo hulegea, na hapo huingia magurudumu ya masanduku, miguu ya viti inayoburutwa, na viatu vya visigino vyembamba. Mtu wa kilo 60 akiegemeza uzito wake wote juu ya kisigino chenye eneo la sentimita moja ya mraba, eneo hilo dogo hubeba kilo zote 60, shinikizo kubwa mara nyingi kuliko la unyayo wa tembo, kwa kuwa unyayo wa tembo ni mpana mno.

Hapa ndipo panapotakiwa kupambanua uchakavu wa matumizi ya kawaida, ambao ni matokeo ya nyayo za wengi, na uharibifu, ambao una tukio lake na mtendaji wake. Kumkata mgeni wa mwisho amana kwa sababu ya wepesi wa rangi karibu na mlango au mistari myembamba ya mchanga ni kumbebesha mtu mmoja kazi ya miguu mia, na huo ni udhalimu hata mkataba ukiuruhusu. Kishimo kipya cha kitu kizito kilichoangushwa ni jambo jingine. Picha zilizopigwa kabla ya kila mgeni kuingia, huku tochi ikilazwa sakafuni ili mwanga upite kwa mshazari, huonyesha mikwaruzo ambayo taa ya darini haiwezi kuionyesha, na humlinda mgeni sawasawa na mwenye nyumba.

Madoa yana kemia yake. Ndimu, siki, ukwaju na dawa za kusafishia choo zenye asidi huila kabonati ya kalsiamu na kuacha alama hafifu isiyong'aa, ambayo kwa kweli si doa bali ni upungufu wa jiwe, kwa hiyo kuisugua huizidisha. Manjano ya mchuzi yakidondokea kiraka kipya hugeuka mekundu, kwa sababu chokaa ambayo haijakomaa ni alkali kali. Rangi hiyo hufifia yenyewe ikipata mwanga wa jua.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuziba kishimo kwa saruji. Saruji ni ngumu na haipindiki, wakati sakafu iliyo juu ya boriti hutikisika kidogo kila inapokanyagwa, hivyo ufa hujitokeza ukingoni mwa kiraka. Tena saruji huzuia unyevu usipumue, ukalazimika kutokea pembeni pamoja na chumvi yake. Fundi anayejua kazi hufuta vumbi, hulowesha kishimo, hujaza chokaa iliyochanganywa na mchanga laini kwa tabaka nyembamba, hukandamiza, husugua kwa jiwe laini, kisha hufunika kwa gunia bichi kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka upesi hupasuka kabla haijawahi kuvuta hewa ya ukaa ya kutosha. Siku hizo hazipatikani kati ya mgeni anayetoka asubuhi na mwingine anayeingia jioni, kwa hiyo viraka vidogo hufaa kukusanywa na kufanywa wakati wa masika, kati ya Aprili na Mei, ambapo wageni ni wachache na hewa yenyewe huwa na unyevu ambao chokaa inauhitaji.