Panya naye ana kilio chake

Dawa nyingi za kutuliza wasiwasi hujaribiwa kwa panya kabla ya kupewa binadamu. Utauliza: panya atasemaje kwamba hofu imempungua?

Panya husema, ila sisi hatusikii. Sikio la binadamu hukomea kwenye sauti za mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Panya mkubwa anapoogopa, hutoa mlio mrefu wa mitetemo kama 22,000. Akicheza na wenzake, hutoa milio mifupi ya kama 50,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Jaak Panksepp na wenzake huko Marekani waliwatekenya panya kwa vidole huku wakisikiliza kwa chombo cha kunasia milio ya popo. Panya walitoa milio ya mchezo, kisha wakaufuata mkono ili watekenywe tena.

Milio hii huwasaidia wanaopima dawa. Mtoto wa panya akitengwa na mama yake hulia sana. Akipewa diazepam, dawa ya wasiwasi ambayo huenda unaijua, kilio hupungua. Lakini je, ametulia au amesinzia tu? Mlio peke yake hautoshi kujibu. Ndiyo sababu ni lazima dawa ijaribiwe pia kwa watu.

Nawe ukiandikiwa dawa kama hiyo, mweleze daktari wako kama hofu imepungua au unasinzia tu. Usiiache ghafla bila ushauri wake. Panya huhitaji chombo ili asikike. Wewe una ulimi.