Siku Nne Kijijini Ufaransa, Mimi na Mume Wangu

Ukitaja Ufaransa, wengi wetu akili inakimbilia Paris, mnara wa Eiffel na maduka ya nguo. Mimi nakwambia, kama wewe na mwenzi wako mmechoka, pandeni treni muondoke Paris. Kwa TGV ni kama saa moja na robo tu mpaka Tours, kwenye bonde la mto Loire. Hapo kodini gari, maana vijijini usafiri ni wa shida.

Sisi tulifikia kwenye jumba la zamani la mawe lililogeuzwa hoteli: vyumba vichache, bustani kubwa, mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekupokea. Chumbani hamna televisheni, mtandao wa kubahatisha. Mume wangu, mtu wa simu mbili, siku ya kwanza alihangaika kama kapotelewa na mtoto!

Lakini huko chakula cha jioni hakina haraka. Mnakaa mezani saa 2 usiku, na kwa mwezi Juni jua bado halijazama. Vinakuja kimoja kimoja: supu, samaki, jibini, kisha kitu kitamu. Masaa matatu mnatazamana usoni. Utafanya nini kama si kuongea?

Usiku wa tatu, tukiwa kwenye jibini, akalitoa: anataka kuacha kazi benki ajiajiri. Alikuwa nalo moyoni miezi minane! Nikavuta pumzi, nikamuuliza mtaji utatoka wapi na kodi ya nyumba tutalipaje. Tukapiga hesabu mpaka mishumaa ikaisha. Dar angenitamkia mlangoni, funguo mkononi, tukanuniana wiki nzima.

Kesho yake tukaenda Chenonceau, kasri lililojengwa juu ya mto Cher. Mfalme Henri II alimpa hawara wake, Diane de Poitiers. Mfalme alipofariki mwaka 1559, mkewe Catherine de Médicis akamtoa. “Unaona? Mke hasahau,” nikamtania. Tukacheka kama zamani.

Ukitaka kwenda, viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Uliza kama kifungua kinywa kimo kwenye bei, mara nyingi hakimo. Na migahawa mingi ya vijijini hufungwa Jumatatu, hivyo agizeni chakula hotelini mapema.

Mume wangu bado yuko benki. Tumekubaliana: akiba ya miezi sita kwanza, ndipo aandike barua. Wewe je, wako ana lipi moyoni ambalo hajapata nafasi ya kulisema?