Msitu wa Karura na Mito Yake

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa Nairobi, kati ya mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Ukubwa wake ni hekta 1,000 na ushei, na ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mito kadhaa huupitia, ukiwemo Karura wenyewe. Maji yake huishia katika Mto Athi, ambao hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Kwenye Mto Karura kuna maporomoko ya mita 15 hivi, na jirani yake mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Njia za miguu na baiskeli zinazidi kilomita 50. Wingi wa watembeaji, pengine kuliko uzio wa umeme, ndio ulinzi mkubwa wa msitu huu. Katika miaka ya 1990 Karura ilijulikana kwa majambazi na watu wachache walithubutu kuingia. Pori lisilo na wageni likawa rahisi kugawiwa wajenzi. Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda mche langoni, akashambuliwa na kujeruhiwa kichwani. Kelele zilisikika hadi ng'ambo, na ujenzi ukakwama. Mwaka 2009 wakazi waliunda chama cha Friends of Karura Forest, kinachoshirikiana na shirika la serikali la misitu.

Sehemu kubwa ya msitu ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Mkaratusi hunywa maji mengi, jambo lisilofaa kandokando ya mito, hivyo unaondolewa kidogo kidogo na kupisha miti ya asili kama mzeituni mwitu.

Wanyama nao wamerudishwa. Mbega, mnyama mweusi wa jamii ya kima mwenye mkia wa manyoya meupe, alikuwa ametoweka Karura. Kuanzia 2014 makundi yalihamishwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako mashamba yalikuwa yamemega misitu na mbega kugombana na wakulima. Huishi juu mitini na chakula chake kikuu ni majani, kwa hiyo bila miti ya kutosha hana pa kukaa. Hili wanafunzi hulielewa haraka wanapoletwa kwa masomo ya mazingira, wakimwona mbega mwenyewe badala ya picha yake kitabuni. Wapo pia kima wengine, pongo, nungunungu na fungo, ingawa hawa wawili wa mwisho hutoka usiku.

Tatizo lililobaki ni maji taka, yanayoingia na mkondo kutoka makazi ya juu ya mto, nje ya uzio.