KUIRUDIA RIWAYA: MWANAFUNZI WA KISWAHILI NA USOMAJI WA HIARI

Wahenga walinena kuwa kamba hukatikia pabovu. Kamba ya usomaji, kwa wengi wetu tunaosomea Kiswahili vyuoni, hukatikia mahali pasipotarajiwa kabisa, nako ni ndani ya idara yenyewe ya fasihi. Mtu aliyekuwa akisoma hadithi kwa mwanga wa koroboi akiwa darasa la saba, leo ana shahada ya fasihi na hakumbuki ni lini alipomaliza riwaya ambayo hakuna mhadhiri aliyemwagiza kuisoma.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi mtu aliyeacha kusoma kwa hiari anavyoweza kurudi, na jinsi anavyoweza kupata ushauri wa maana kuhusu kitabu cha kusoma. Mambo haya hushikana. Aghalabu mtu huacha kusoma kwa sababu alipewa kitabu kizuri kwa wakati usiofaa, na aliyempa hakujishughulisha kumuuliza lolote.

Tuanze na chanzo. Shule za upili nchini Kenya zimemzoesha mwanafunzi vitabu teule vitatu: riwaya, tamthilia na mkusanyiko wa hadithi fupi. Kuna rika la Utengano, Kifo Kisimani na Mayai Waziri wa Maradhi. Likaja rika la Kidagaa Kimemwozea, Mstahiki Meya na Damu Nyeusi. Likafuata la Chozi la Heri, Kigogo na Tumbo Lisiloshiba, na baadaye la Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo. Vitabu 12 kwa rika nne, na katika hivyo hakuna mtahiniwa aliyelazimika kusoma zaidi ya vitatu. Siwalaumu waandishi hata kidogo, kwani baadhi ya kazi hizo ni za kutajika popote. Tatizo ni namna zinavyosomwa. Kila sura huandamana na mwongozo unaoorodhesha dhamira, wahusika na mbinu za sanaa, hata ikawa mwanafunzi ameshaambiwa hulka ya Maimuna na sababu za kuanguka kwake kabla hajakutana naye ukurasani.

Tukifika chuoni mwongozo hubadilisha kanzu tu. Sasa unaitwa nadharia. Tunajadili udhanaishi katika Nagona kwa kutegemea makala matatu na muhtasari wa darasani, ilhali Nagona yenyewe ni kijitabu kisichofikia kurasa 100, ambacho mtu angekimaliza Jumamosi moja. Nakiri kuwa nadharia ina mahali pake (nami naitumia katika tasnifu yangu), lakini haikuumbwa ichukue nafasi ya kitabu.

Hasara ya hali hii haiishii kwa mwanafunzi binafsi. Sisi ndio tutakaokuwa walimu. Mwalimu ambaye hajasoma nje ya vitabu teule hana la kumjibu mwanafunzi wa kidato cha pili anayemuuliza, “Mwalimu, nisome nini likizo hii?” Fauka ya hayo, mchapishaji huchapa kinachonunuliwa. Mafuta cha Katama Mkangi kilitoka mwaka 1984, nacho hutajwa katika mihadhara mingi ya riwaya ya Kenya. Hata hivyo si kitabu unachokikuta kwa urahisi dukani. Kitabu kisichoulizwa hakirudi mtamboni.

Sasa turudi vipi? Kosa la kwanza la anayerudi ni kujiwekea nadhiri kubwa. Huamua kwamba Januari hii atasoma kazi zote za Shaaban Robert, akaanza, akachoka kwenye kitabu cha pili, kisha akajihukumu kuwa hana tena moyo wa kusoma. Hesabu ndogo inafaa zaidi. Kurasa 15 kwa siku humaliza riwaya ya kurasa 200 kwa wiki mbili. Simu ikae chumba kingine kwa muda huo, nawe uache kusoma pale hadithi inaponoga, si pale sura inapoisha, ili kesho ufungue kitabu kwa hamu badala ya wajibu.

La pili ni kalamu. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kusoma bila kupigia mistari, na kila mstari anaoupiga ni swali la mtihani analojitungia. Iweke kalamu kando katika usomaji wa kwanza. Uhakiki hautakimbia.

Hapa nataka kukaa kidogo kuhusu kamusi, kwa maana naliona jambo hili likiwakwamisha wenzangu wengi kutoka bara. Riwaya bora za Kiswahili zimeandikwa kwa wingi na Wazanzibari: Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed, Shafi Adam Shafi. Msamiati wao wa bahari, mavazi, mapishi na jamaa si ule tuliolelewa nao Kakamega au Machakos. Msomaji huanza Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka mwaka 1972, akafungua kamusi mara saba katika kurasa tatu, halafu akakifunga kitabu akidhani Kiswahili chake ni kibovu. Si kibovu. Mtoto hajifunzi lugha kwa kamusi. Huyasikia maneno mara kumi katika mazingira tofauti hadi yakamkaa. Soma ukurasa mzima. Kama umeelewa nani anafanya nini na kwa nini, endelea. Neno likirudi mara ya nne na bado ni kiza, hapo ndipo ufungue Kamusi Kuu ya Kiswahili. Baada ya riwaya mbili za waandishi hawa utashangaa jinsi ya tatu ilivyo nyepesi, na insha zako zitakuwa zimepata utamu ambao hakuna somo la sarufi linaloweza kuutoa.

Mtu aliyekaa miaka mitatu bila kusoma kwa hiari aingilie mlango upi? Maoni yangu, ambayo najua yatawakera baadhi ya wahadhiri wetu, ni kwamba aingilie mlango wa riwaya pendwa. Kuna dharau isiyo na msingi dhidi ya hadithi za upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kinamleta Bwana Msa na kiko chake, na mantiki yake ya kuchambua ushahidi inamshika msomaji hadi mwisho. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla kilifuata mwaka 1965. Kisha wapo Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Vitabu hivi vilisomwa na makarani, madereva na wanafunzi bila kuamrishwa na yeyote, jambo ambalo tamthilia zetu nyingi zenye tuzo hazijalifikia. Misuli ya kusoma ikisharudi, msomaji atahama mwenyewe.

Kwa asiyependa upelelezi ipo Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake ni fupi na nyepesi kufuatika, na huwafaa hata waliowahi kuisoma kwa ajili ya mtihani. Isome sasa bila mwongozo, uone kama ni kitabu kilekile.

Nije kwenye suala la mapendekezo. Mwanafunzi akimuuliza msomi, “Nisome nini?” hupewa orodha ya ukuu: vitabu vinavyoheshimiwa, kwa mpangilio wa heshima. Orodha hiyo ni sahihi na haimsaidii. Chukua mfano wa Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Kila mtu humtaja, na wanaomtaja kwa madaha zaidi hutaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi mbili zilizovunja muundo wa riwaya ya Kiswahili zikachanganya falsafa, ndoto na visasili. Mpe msomaji anayerudi Nagona kwanza nawe umemfukuza. Ukurasa wa kumi atauliza hadithi iko wapi, nalo ni swali la haki kabisa.

Mwandishi huyohuyo ana ngazi iliyo wazi. Ya kwanza ni Rosa Mistika (1971), kisa cha msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba, akatoka nyumbani asijue namna ya kuishi na uhuru. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, nacho husomeka kwa siku mbili. Kichwamaji (1974) kinafuata. Kazimoto ni mwanachuo aliyerudi kijijini akiwa na elimu isiyompa amani, na sijui mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hatajiona humo, apende asipende. Halafu Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambamo swali la maana ya maisha linakutana na siasa za Ujamaa. Aliyepita ngazi hizo tatu akiifikia Nagona hatauliza hadithi iko wapi. Atakuwa ameona namna mwandishi alivyokuwa akiichoka hadithi yenyewe kidogo kidogo, na ataelewa kwa nini hatimaye aliivunja. Hili mwongozo haulielezi, maana mwongozo hushughulikia kitabu kimoja kimoja.

Ngazi za namna hiyo zipo kwa waandishi wengine. Kwa Shafi Adam Shafi ningeanza na Vuta N'kuvute (1999), kwa ajili ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, kabla ya Kuli (1979) inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Vuta N'kuvute ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Ukiweza, soma kwanza. Kwa Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980) huja kabla ya Babu Alipofufuka (2001). Anayependa hii ya mwisho atazipenda pia Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila na Walenisi (1995) ya Mkangi, kwani zote hutumia safari na ulimwengu wa ajabu kuisaili dunia hii tuijuayo.

Basi anayeomba ushauri aombe vipi? Asiulize “kitabu kizuri ni kipi?” Ataje kitabu cha mwisho alichokimaliza kwa furaha, hata kama ni cha zamani au cha Kiingereza, na aseme nini kilichomshika: njama, lugha, mhusika au mahali. Aseme pia kitabu alichokiacha katikati na mahali alipokiachia. Mkutubi au mhadhiri akipewa habari hizo ana la kufanyia kazi. Asiyepewa atarudia orodha ya ukuu.

Naye anayependekeza apimwe. Maelezo ya nyuma ya jalada huandikwa kwa nia ya kuuza, na maneno kama “riwaya ya kusisimua” yamechapwa juu ya vitabu vingi mno hata hayana maana tena. Muaminifu ni yule anayeweza kukutajia tukio moja mahususi pasipo kukuharibia mwisho, na anayekuambia kitabu hicho hakimfai nani. Asiye na lawama hata moja kwa kitabu, huenda hakukisoma.

Vyanzo vingine vipo. Jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994, hupatikana bila malipo mtandaoni, na uhakiki wake wa vitabu hutaja kazi ambazo hazijafika mitaala yetu. Tuzo nazo zifuatwe kwa tahadhari: tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imetuletea sauti mpya kama ya Zainab Alwi Baharoon, ambaye riwaya yake Mungu Hakopeshwi ilishinda mwaka 2018. Tafsiri zisibezwe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa vitabu alivyoandika kwa Kiingereza, na sasa Paradise inasomeka kwa lugha yetu kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Na wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara jijini wasipuuzwe, kwani riwaya za miaka ya sabini hujificha chini ya vitabu vya hesabu. Inama, upekue, uulize bei mwisho.

Ushairi nimeuacha nyuma makusudi, kwa kuwa una taratibu zake. Nitasema tu kwamba Sauti ya Dhiki (1973), tungo ambazo Abdilatif Abdalla alizitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972, hazisomwi kwa mfululizo kama riwaya. Shairi moja kwa siku, kwa sauti, linatosha. Na Kimvita chake kikikushinda, mtafute mwanafunzi wa Mombasa akusomee.

Chama chetu kinaweza kuchangia kwa gharama ya daftari moja. Liwekwe kwenye chumba cha kusomea cha idara, likiwa limefungwa kwa kamba ili lisitembee. Kila anayemaliza kitabu asichoagizwa aandike mistari mitatu: jina la kitabu na mwandishi, tukio moja lililomkaa, na aina ya msomaji asiyefaa kukigusa. Wahadhiri nao waandike, tena bila kutaja vyeo vyao. Nafasi ya mstari wa nne iachwe wazi, kwa ajili ya yule atakayekisoma baadaye akakataa kila kilichosemwa juu yake.