Mbavu Hazikai Kwenye Kijiti

Vijana wa Muganza wanaotazama tamthilia za Kikorea zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda wameleta swali ambalo wazazi wao hawakuwa nalo: mbavu zile zinazochomwa katikati ya meza, mlaji akizigeuza mwenyewe, zinapatikana wapi? Jibu la haraka ni Kigali. Mikahawa ya Kikorea ipo huko, na njia yake ni zaidi ya kilomita 200 kupitia msitu wa Nyungwe. Jibu hilo ni la kweli, ila halimsaidii sana muulizaji. Mtu anayetafuta mbavu nzuri, awe Kigali, Nairobi, Dar es Salaam au hapa hapa Muganza, anapaswa kwanza kujua jambo ambalo haliandikwi kwenye ubao wa mkahawa: nyama hapa huuzwa kwa kipimo gani? Kwa kijiti, kwa kilo, au kwa sahani? Kipimo hicho ndicho kinachoamua mbavu zitaishia wapi.

Muganza iko katika bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya ya Rusizi, pembe ya nchi iliyo chini kuliko zote Rwanda. Hapa hakuna ile baridi ya milimani ambayo wageni huisimulia. Tambarare imejaa mpunga, michikichi inastawi, na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichojengwa na Wachina na kuanza uzalishaji mwaka 1984, kimeleta watu wanaolipwa mwisho wa mwezi na wanaopenda kula nyama jioni. Ng'ambo ya mto Rusizi ni Kamanyola ya Kongo. Upande wa Burundi kuna mpaka wa Ruhwa, uliofungwa pamoja na mipaka mingine ya nchi hiyo na Rwanda Januari 2024. Kiswahili hakikusubiri kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 ndipo kifike hapa. Kilikuwa kikiuza na kununua sokoni tangu zamani. Waislamu ni wengi bondeni, kwa hiyo nguruwe, ambaye kwingineko Rwanda ana mashabiki wake wakubwa, hapa humwachia mbuzi nafasi.

Na mbuzi wa Rwanda huuzwa kwa kijiti. Brosheti, mishikaki kwa Mswahili wa pwani, ndiyo sarafu ya nyama ya kuchoma nchini humu, kuanzia mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali hadi mji wa Kamembe huku Rusizi. Mteja haulizi uzito. Anaagiza mbili au tatu, na ndizi ya kuchoma pembeni, kisha anadondosha matone ya akabanga, yale mafuta ya pilipili ya Nyirangarama, kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuunguza ulimi. Utaratibu huu una busara yake. Mwenye pesa kidogo anakula nyama bila kununua kilo, na muuzaji anajua mbuzi mmoja atampa vijiti vingapi. Lakini kijiti kinataka vipande vinavyolingana, vilivyojaa nyama, ili vyote viive kwa pamoja. Hivyo paja na mgongo huenda motoni. Ubavu, wenye nyama nyembamba iliyong'ang'ania mfupa, hauchomeki kwenye kijiti. Unatupwa upande wa nyama ya kuchanganya, ile inayouzwa kwa bei ya chini kuliko iroti isiyo na mfupa, kisha unaishia sufuriani, kwenye mchuzi au kwenye agatogo la ndizi. Ndiyo maana mtu anaweza kukulia Rwanda, akala mbuzi maisha yake yote, asijue kwamba sehemu tamu kuliko zote kwa moto wa mkaa ni ile aliyokuwa akiichemsha.

Nenda Nairobi uone jinsi kipimo kinavyobadilisha hadhi ya kiungo. Kiamaiko, kwenye soko na machinjio ya mbuzi, au Dagoretti palipo na machinjio ya ng'ombe, au Kenyatta Market kwa wanaotaka kukaa mjini, nyama ni ya kilo. Mteja anasimama mbele ya mzoga unaoning'inia na kunyoosha kidole: nikatie hapa, mbavu, uniachie na mafuta yake kidogo. Inapimwa mbele ya macho yake. Inakwenda jikoni ikiwa kipande kizima, inachomwa taratibu, na inarudi juu ya ubao, ambapo mchomaji anaikatakata mezani kando ya fungu la chumvi na kachumbari. Kwa kuwa mfupa na nyama vimelipiwa kwa bei moja, mtu anachagua kwa ladha tu, na anayechagua kwa ladha huchagua mbavu. Dar es Salaam ni hivyo hivyo: wazoefu wanajua kwamba nyama ya Vingunguti, karibu na machinjio, au ya Pugu, karibu na mnada wa mifugo, haijasafiri sana kabla ya kufika motoni. Kigali nayo ina machinjio yake Nyabugogo. Kanuni ninayoiamini ni kwamba jiji lolote lina mbavu nzuri karibu na mahali mnyama anapouzwa au kuchinjwa, na kadiri unavyosogea kwenye taa na muziki ndivyo unavyolipia taa na muziki.

Wakorea wenyewe ni ushahidi wa hilo. Mji wao maarufu kwa mbavu za ng'ombe ni Suwon, kusini ya Seoul, na umaarufu huo haukutokana na mpishi wa kifalme. Suwon ilikuwa na mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe nchini, na mgahawa wa Hwachunok, ulioanza miaka ya 1940 karibu na soko la mji, ndio uliozifanya mbavu kubwa za kuchoma kuwa chakula ambacho watu husafiri kukifuata. Kabla ya hapo ng'ombe wa Korea hakuwa wa kuliwa ovyo. Alikuwa wa plau. Watawala wa enzi ya Joseon walipiga marufuku uchinjaji wa ng'ombe mara kwa mara ili mashamba yasikose nguvu ya kulima, na nyama ya ng'ombe ilibaki kitu cha sherehe na cha wenye uwezo hadi nchi ilipotajirika katika nusu ya pili ya karne ya 20.

Mnyarwanda hana shida kuielewa historia hiyo. Ng'ombe hapa alikuwa maziwa, heshima na mahari kabla ya kuwa nyama, na hata mpango wa Girinka, uliozinduliwa mwaka 2006 kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, ulilenga maziwa na mbolea. Ng'ombe anayefika buchani mara nyingi ni yule aliyemaliza kazi yake, na mbavu zake ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana ninamshauri mtu wa Muganza asihangaike na mbavu za ng'ombe. Atafute za mbuzi, tena mbuzi mdogo. Beberu aliyekomaa bila kuhasiwa hana dawa. Harufu yake haiondolewi na kiungo chochote.

Kinachotofautisha sahani ya Kikorea na zetu ni kisu. Mkorea huuza mbavu kwa sahani ya mtu mmoja, na mfupa lazima uonekane, kwa kuwa ndio uthibitisho kwamba alicholetewa mteja ni ubavu kweli. Uthibitisho huo una thamani kiasi kwamba wamewahi kutokea wauzaji wa kugandisha nyama ya sehemu nyingine kwenye mifupa ya mbavu. Kwa njia ya zamani, mkataji anashika kipande cha ubavu, anapitisha kisu sambamba na mfupa bila kuutenganisha, anageuza, anapitisha tena, na nyama inafunguka kama mkeka unaokunjuliwa hadi inakuwa ukanda mwembamba wenye mfupa mwishoni. Njia ya pili inajulikana kwa jina la Los Angeles, jiji lililopokea Wakorea wengi baada ya Marekani kulegeza sheria ya uhamiaji mwaka 1965. Hiyo hukata kinyume: msumeno wa umeme unapita katikati ya mifupa yenyewe, na kila kipande chembamba kinatoka na vijifupa vitatu hivi vya mviringo vilivyojipanga ukingoni. Njia zote mbili zina lengo moja. Nyama ya ubavu imejaa nyuzi ngumu zinazolainika kwa kupikwa muda mrefu; asiyetaka kuchemsha lazima akate nyembamba, ili jino limalizie kazi ambayo kisu kimeianza.

Sasa simama mbele ya bucha ya barabarani kwetu. Mkataji ana panga na gogo. Ubavu wa mbuzi unawekwa juu ya gogo, panga linapanda na kushuka, mfupa unapasuka kwa urefu na vipande vidogo vyenye ncha vinaingia ndani ya nyama. Mteja atakutana navyo baadaye, kwa meno. Ni mkono wenye nguvu na uzoefu, na kwa nyama ya sufuria hauna kasoro, maana mchuzi hauwezi kukuonyesha mfupa uliopasuka vibaya. Kwa nyama ya moto unaharibu kila kitu. Msumeno wa mkono wa kukatia mifupa si mashine ya kiwandani. Ni kifaa ambacho bucha ndogo inaweza kumudu, na ningependa kuuona Muganza kabla ya kuona mkahawa wenye meza za kuchomea.

Kuna jambo lingine linalotuumiza, nalo ni haraka. Mbuzi anachinjwa asubuhi na kuchomwa mchana au jioni. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na haianzi kulegea hadi ipite siku moja au zaidi mahali pa baridi. Katika joto la Bugarama hakuna anayethubutu kuiacha nyama ikae bila friji, na wala simlaumu. Basi tunakula nyama katika saa zake ngumu kuliko zote, halafu tunasema mbuzi wa siku hizi ni mgumu. Bucha yenye friji inayofanya kazi usiku kucha itauza nyama laini kuliko jirani yake hata kama wote wamenunua kwa mfugaji mmoja.

Wakorea hulainisha zaidi kwa pea iliyosagwa, pamoja na sosi ya soya, sukari, vitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Pea hiyo hatuna, lakini hatuihitaji. Wapishi wa Mombasa na Zanzibar wamekuwa wakipaka mishikaki papai bichi kwa kazi hiyo hiyo, na papai linastawi bondeni Bugarama. Kwaruza kipande cha papai bichi na maganda yake, saga na tangawizi na vitunguu saumu, kamulia ndimu, tia chumvi. Kwa mbavu nyembamba za mbuzi nusu saa inatosha. Ukiiacha nyama humo hadi kesho yake, papai litaendelea na kazi na utakuta uji. Sosi ya soya huuzwa Kamembe na Kigali. Asiyeipata ale na chumvi yake bila huzuni, maana hata mbavu za Suwon zinasifika kwa kukolezwa chumvi.

Kwa hiyo kijana wa Muganza anayeuliza zinapatikana wapi, ninamjibu hivi. Ukienda Kigali na una pesa, ingia mkahawa wa Kikorea mara moja ujue nyama iliyokatwa vizuri inavyoonekana. Angalia unene wake kuliko unavyoangalia viungo. Ukiwa Nairobi, nenda Kiamaiko mchana, na kama unataka kukaa mahali pa kifahari, fahamu kwamba hoteli ya Safari Park kwenye Barabara ya Thika, iliyomilikiwa kwa miongo mingi na kampuni ya Kikorea ya Paradise, ilipata jina kubwa kwa mgahawa wake wa nyama choma ya Kenya. Wakorea hao walijua kuheshimu moto walioukuta.

Ukiwa nyumbani, nenda kwa mwenye bucha mapema, kabla panga halijashuka. Mwamkie, kisha mwambie, "Mzee, usinikatie bado. Ninataka mbavu za huyu mdogo, upande mmoja mzima, nitalipa kwa kilo." Atashangaa kidogo, kwa kuwa amezoea kuombwa iroti, na huenda akakupunguzia bei. Kama ana friji, mwombe akuwekee hadi kesho. Zigawe mwenyewe kwa kisu chenye makali, mbavu tatu tatu, ukipita kati ya mfupa na mfupa, kisha chanja nyama juu juu kukatisha nyuzi. Mkaa wa mikaratusi uache uwake hadi uwe na majivu meupe, usambaze, weka wavu juu kidogo. Anza na upande wa mfupa na uuache huko muda mrefu kuliko unavyodhani, mpaka mafuta yaanze kudondoka. Upande wa nyama unahitaji dakika chache tu. Wali wa Bugarama uwe umeshaiva, na kama mna majani mabichi ya saladi yaoshwe vizuri, mfungie nyama, jinsi Wakorea wanavyokula. Akabanga iwekwe mezani, kila mtu adondoshe kwa kadiri anavyojijua.