PARSELE MPYA: USIFYEKE MITI YOTE

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, siku moja mtapata parsele yenu. Franga za miaka mingi zinalipwa, karatasi zinatiwa sahihi mbele ya chefu wa kartie, na kesho yake asubuhi panga na shoka ziko kilimani. Jioni hakuna mti uliosimama. Nataka tuongee juu ya siku hiyo moja, kwa sababu matokeo yake yananifikia mimi kwenye dispansari.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Parsele yangu iko Butembo, kwenye mteremko. Chini yake, hatua kama sitini, kuna chemchemi ambayo nyumba nyingi zinachota maji. Nilikata miti yote. Nilitaka mbao za nyumba, tena niliogopa mtu asije akasema kwamba uwanja huu ni mtupu, hauna mwenyewe. Mvua ya mwezi wa tisa ilipoanza, maji ya chemchemi yalitoka mekundu. Katika majuma yaliyofuata nilipokea watoto wa kuhara kutoka mtaa wetu kuliko kawaida. Mama mmoja, mtoto wake akiwa kwenye seramu, aliniambia: «Munganga, wewe unatufundisha kuchemsha maji. Na chemchemi umeichafua wewe.» Sikuwa na jibu.

Angalia mambo yanavyokwenda. Mahali penye miti, majani makavu na mizizi hupokea mvua. Maji yanaingia polepole, udongo unayachuja, na huko chini yanatoka safi. Ukifyeka, mvua inapiga udongo mtupu, inakimbia juu juu, inabeba uchafu wa vyoo na wa mbuzi mpaka mahali pa kuchotea. Utasema: tuchemshe. Vema, lakini kuchemsha kunataka kuni au makala, na makala ni franga. Nimeona zaidi ya mara moja mama anahesabu makala ya fufu kwanza, na maji ya kunywa yanabaki mabichi. Kwa njia hiyo tifoide inaingia nyumbani.

Serikali inasemaje? Sheria ya Misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002 inakataza kufyeka miti kwa mita 50 kila upande wa mto, na kwa mita 100 kuzunguka chemchemi. Hapo haiulizi ukubwa wa uwanja wako. Zile hatua zangu sitini zilikuwa ndani ya mita 100, kwa hiyo nilikuwa kosani bila kujua. Anayetaka kufyeka zaidi ya hektari 2, kwa shamba, kwa majengo ama kwa mgodi, aombe ruhusa kwanza. Na aliyefyeka apande tena, au alipe gharama ya kupanda, kwa ukubwa na kwa ubora wa msitu uliokuwapo. Kampuni za migodi zinafungwa pia na Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, kutengeneza tena mahali zilipochimba. Ikiwa tunadai hayo kwa kampuni, tusicheke mtu akituuliza habari za parsele zetu.

Wengine watasema, Butembo ina miti kila kilima. Ndiyo, lakini ni miti gani? Mji huu ulianza mwaka 1928 kama kambi ya kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, na leo vilima vyake vimejaa mikaratusi. Sisemi mkaratusi ni mbaya. Unatupa nguzo, mbao na makala, na ukiukata unachipuka tena kwenye kisiki. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala, ili ile ya Hifadhi ya Virunga isikatwe. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, na chini yake majani mengine hayaoti vizuri. Uupande mbali na chemchemi. Karibu na maji acha miti ya asili uliyoikuta. Kama imekwisha kukatwa, panda mingine ya namna hiyo, na kwenye mteremko weka mistari ya matete inayokata kilima kwa upana, siyo kutoka juu kwenda chini.

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, huko Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilishusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mvua ile ilikuwa kali mno, lakini kilima kisicho na mizizi hakina cha kushikia udongo.

Ndugu wa Beni na Oicha, kwenu mambo ni mengine kidogo. Najua tangu mwaka 2014 watu wanaogopa pori lililo karibu na nyumba, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Fyeka mbele ya mlango. Lakini shamba jipya la kakao usiliache uchi: kakao changa inataka kivuli, na miti mirefu michache iliyobaki inaufanya udongo usikauke.

Na ile hofu ya kunyang'anywa uwanja? Wazee wetu hawakumruhusu mtu aliyepewa shamba la kulima tu kupanda miti ya miaka mingi, kwa sababu mti ulikuwa alama ya mwenyewe. Basi panda ua wa miti kwenye mpaka.

Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka chemchemi, tena upande wa chini yake. Miche ipandwe mwanzo wa mvua, katika mashimo ya sentimita 40.

Mimi na majirani tulipanda miche 20 juu ya chemchemi. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula 9. Mwaka wa pili tulizungusha fito na kupanda mingine. Maji bado yanachafuka siku za mvua kali, nasi bado tunayachemsha. Yule mama ndiye anayefunga mlango wa fito kila jioni.